Tustroki iliyolala miaka: kusafisha tu, kufungua juu, au kupasua injini yote?

Fundi aliyekulia kwenye Boxer na TVS, pikipiki za foostroki (injini ya mipigo minne), akiletewa Yamaha AG100, ambayo ni tustroki (mipigo miwili), iliyosimama miaka sita nyuma ya ofisi ya kilimo, atafanya anachokijua: plagi mpya, kabureta ipulizwe, petroli mpya, kiki. Mara nyingi itawaka. Itatoa moshi wa kuficha kijiji, itakwenda kilomita thelathini au arobaini, kisha pistoni itakamata kwenye mlima wa kwanza wa maana. Si kwamba fundi hajui kazi. Kwenye foostroki sehemu ya chini ya injini ni bakuli la oili, na kwenye tustroki sehemu hiyohiyo ni pafu. Mchanganyiko wa petroli na hewa unavutwa kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki (shimoni linalozungushwa na pistoni), kisha pistoni ikishuka inausukuma juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda. Pafu likitoboka, hakuna kabureta ya kulitibu.

Ndiyo maana uamuzi wa kwanza hauhusu spea gani ununue. Unahusu ufungue injini hadi wapi. Njia ni tatu:

| | Kusafisha tu | Kufungua juu | Kupasua yote |
|---|---|---|---|
| Kinachoguswa | tangi, kabureta, plagi, moto wa cheche, ekzosi, oili ya gia | hayo yote, na silinda, pistoni, ringi, beringi ya pini, gasketi | hayo yote, na sili za krenki, beringi kubwa, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) |
| Usichoweza kuazima mtaani | hakuna | mashine ya kuchonga silinda | pula (kifaa cha kung'olea) ya magneti, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa cheche, presi, saa ya kupimia krenki |
| Muda | siku moja au mbili | wiki, nyingi ni za kusubiri mchongaji | wiki mbili hadi mwezi, kutegemea spea |
| Inafaa | ilipaki ikiwa nzima, ndani, muda mfupi | mgandamizo umeshuka lakini chini hakuvuji | sili zimekauka, au konrodi ina mchezo |

Maelezo haya yanahusu zile za cc 100 na 125 zilizoenea kwetu: AG100 ya mabwana shamba, yenye mnyororo uliofunikwa wote, Suzuki A100 na Yamaha DT125. Nyingine za rika hilo hazitofautiani sana.

Pima kwanza, ndipo uchague

Usirukie kiki. Pistoni ikiwa imeshikwa na kutu, kuipiga kiki kwa nguvu kunavunja ringi au meno ya gia ya kiki. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili ya 2T (oili ya injini za tustroki) iliyochanganywa nusu kwa nusu na dizeli, acha ilale usiku mzima. Asubuhi weka gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma, litikise mbele na nyuma polepole. Ikilegea, endelea. Ikigoma hata baada ya siku tatu, swali limejijibu: silinda inatoka.

Kipimo cha pili ni cha konrodi, na kifaa chake ni kijiti cha mshikaki. Kitumbukize kwenye tundu la plagi kikae juu ya pistoni, kisha fungua kifuniko cha magneti na uzungushe magneti kwa mkono hadi pistoni ifike katikati ya safari yake. Sasa izungushe kidogo kulia, kidogo kushoto. Kijiti kinatakiwa kuitika papo hapo. Magneti ikizunguka kidogo huku kijiti kimetulia, mchezo upo, ama kwenye pini ya pistoni ama chini kwenye krenki. Ukifungua silinda utajua ni wapi: vuta konrodi juu na chini ukiwa umeishika wima. Isigonge hata kidogo. Kuyumba kwa kichwa chake kulia na kushoto kunaruhusiwa. Vitabu vya Yamaha vya injini hizi huweka milimita 0.8 hadi 1.0 ikiwa mpya, na mwisho 2.0.

Kipimo cha tatu ndicho wengi hawakifanyi, na ndicho kinachoamua kati ya njia ya pili na ya tatu. Tafuta ile mashine ya kupima presha ya damu ya kupampu kwa mkono, yenye saa ya mshale. Vunja kauri ya plagi kuukuu, toboa katikati, funga mpira wa pampu humo kwa gundi ya epoksi. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli. Kimoja kikae kati ya silinda na ekzosi, kingine kati ya kabureta na shingo yake, ukaze kama kawaida. Kama injini ina pampu ya oili (inayoingiza oili ya 2T yenyewe, badala ya wewe kuichanganya kwenye petroli), ziba pia kimpira kinachoingiza oili. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili juu na chini viwasiliane, kisha pampu hadi mshale ufike 250. Hiyo ni karibu paundi 5 kwa inchi ya mraba, na inatosha. Ukizidisha sana unaweza kuisukuma sili itoke mahali pake.

Sasa tazama saa ya mkononi. Mshale ukipoteza pungufu ya alama 50 kwa dakika nzima, pafu ni zima. Ukianguka wote kwa sekunde kumi, pakaa povu la sabuni kuanzia tundu la plagi, gasketi ya kichwa, gasketi ya chini ya silinda, kiungo cha valvu ya ridi (vilimi vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, kwa injini zenye navyo), hadi nyuma ya magneti. Povu linapochemka ndipo panapovuja. Upande wa klachi huwezi kuuona, lakini ukifungua kizibo cha kujazia oili ya gia utasikia mlio au kuona mapovu yakipanda humo.

Pande hizi mbili haziumwi ugonjwa mmoja. Sili ya upande wa magneti ikivuja, injini inavuta hewa kavu isiyo na petroli wala oili. Inawaka vizuri, mwendo wake unapanda wenyewe ukiachia mkono wa mafuta, inachemka, kisha inakamata. Sili ya upande wa klachi ikivuja, inavuta oili ya gia: moshi mweupe usioisha, plagi inaloa kila siku, na oili ya gia inapungua bila kuacha tone chini. Ya kwanza inaua injini. Ya pili inaudhi majirani, lakini oili ikiisha giaboksi nayo inafuata.

Kusafisha tu: lini inatosha

Inatosha ikiwa presha imekaa, kijiti kimeitika, na mgandamizo unaridhisha. Kwa saa ya kupimia mgandamizo, injini ikiwa baridi na mkono wa mafuta umevutwa mwisho, paundi 120 ni nzuri, 100 inavumilika, chini ya 90 utachoka mguu. Hakikisha mkono umevutwa kweli. Ukiusahau, unapima slaidi ya kabureta, kile kizibo kinachopanda ukivuta mafuta.

Kazi yenyewe haina siri. Petroli iliyooza inanuka kama vanishi na huacha utandu wa kahawia unaoziba jeti (kitundu cha kupimia petroli) ndogo kwanza. Dalili yake ni moja: inawaka ikiwa na choki tu, ukifungua choki inakufa. Usiichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme unatosha. Tangi lenye kutu lijaze siki usiku mzima au mbili ukiwa umetumbukiza kipande cha mnyororo wa kutikisia, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea, likaushe juani, kisha lipake oili ya 2T ndani kabla kutu haijarudi mchana huohuo. Chungulia ekzosi na bomba la hewa la kabureta: nyigu wanapenda kujenga udongo humo, na tustroki isiyoweza kupumua nyuma haina nguvu hata ukiibadilisha pistoni.

Platini (ncha za chuma zinazokata umeme wa cheche), kwa zile zisizo na CDI (cheche ya kielektroniki), zisugue kwa msasa laini, futa kwa karatasi safi, weka nafasi ya milimita 0.30 hadi 0.40. Kuna wanaong'oa mfumo wote na kuweka CDI ya Kichina. Kwa pikipiki ya kwenda shambani mara tatu kwa wiki ni gharama bila sababu. Platini unaitengeneza njiani kwa bisibisi, CDI ikifa unasukuma. Kubadili kuna maana pale tu ambapo shimoni lenye kamu limelika hadi nafasi haikai.

Plagi: angalia herufi. Kwa NGK, H ni shingo fupi ya milimita 12.7, E ni ndefu ya 19. Ukiingiza ya ES palipoandikwa HS, itabusu pistoni kwa kiki ya kwanza.

Kuhusu kabureta, kati ya kuifufua ya zamani na kununua nakala mpya, ya zamani inashinda karibu kila mara. Nakala inaingia kwenye bolti zilezile, lakini jeti na sindano yake hazikupangwa kwa injini yako, na kwenye tustroki kabureta yenye njaa ya petroli ina njaa ya oili pia kama unachanganya kwenye tangi. Nunua nakala ikiwa slaidi ya zamani inacheza ndani ya nyumba yake au bati limeliwa na unga mweupe, kisha hamishia humo jeti na sindano za zamani ikiwa nyuzi zinalingana.

Kufungua juu: ringi mpya, kuchonga au silivu?

Silinda ikishatoka, usikubali neno "bado nzima" bila namba. Huna mikrometa? Tumia ringi mpya ya saizi ile ile na fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Isukume ringi kwa kichwa cha pistoni ikae sawasawa chini kabisa, mahali ambapo pistoni haisugui sana, pima nafasi kati ya ncha zake. Kisha ipandishe hadi juu kidogo ya tundu la ekzosi, pima tena. Chukua tofauti, gawa kwa 3.14. Mfano: chini 0.30, juu 0.65. Tofauti ni 0.35, ukigawa unapata 0.11. Silinda yako imepanuka juu kwa milimita 0.11 kuliko chini, na kwa injini ya pistoni ya milimita 52 hiyo imepita kiasi. Kikomo cha kuvumilika ni kama 0.05.

Chini ya 0.05 na mikwaruzo isiyokwama kwenye ukucha, piga honi (ikwaruze kidogo kwa mawe yake ya kunolea), weka ringi mpya, basi. Zaidi ya hapo, ringi mpya ni pesa iliyotupwa: ringi hunyooka na kubana kila pistoni inapopanda na kushuka, na haichukui miezi kuchoka.

Kuchonga ndiyo njia ya kawaida. Pistoni za saizi ya juu huja kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kwa hiyo AG100 ya 52.00 inaweza kuchongwa hadi 53.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji mkononi, maana kinachochongwa ni silinda ya kuifuata pistoni ile, na nafasi kati yao kwa hizi ndogo za kupozwa na upepo huwa kama 0.04 hadi 0.05. Wachongaji wa Gerezani Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road Nairobi au Katwe Kampala wamezoea magari na foostroki, na hapo ndipo penye mtego: silinda ya foostroki haina matundu ubavuni. Ya tustroki ikishachongwa, kila ukingo wa tundu unabaki mkali kama wembe. Lazima uvunjwe kwa faili ndogo au jiwe, kidogo tu, hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Usipofanya hivyo, ringi inajikunja kidogo ikivuka tundu la ekzosi, inanasa ukingo, inavunjika, na vipande vinapiga kichwa hadi kiwe kama kimemwagiwa mawe. Mwambie mchongaji kwa mdomo, kisha upitishe kidole mwenyewe kabla ya kulipa.

Silivu, yaani bomba jipya la chuma linaloingizwa ndani ya silinda, ni ya silinda iliyofika mwisho wa saizi au iliyopasuka, na ambayo huwezi kuipata nyingine. Inarudisha kipimo cha mwanzo, ndiyo, lakini matundu yote yanakatwa upya kwa mkono, na tundu likipanda milimita moja kutoka mahali pake injini inabadilika tabia. Kati ya silivu ya mtu asiyewahi kukata matundu na silinda kuukuu yenye saizi ya 0.50 kutoka kwa pikipiki iliyovunjwa, chukua silinda kuukuu.

Wakati wa kurudisha: mshale wa pistoni utazame ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini ndogo zilizo ndani ya mifereji, si popote, klipu za pini ziwe mpya, zile za zamani hazirudi. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga, si petroli, maana petroli inaacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitoke cheupe.

Kupasua yote: ukiamua, usifanye nusu

Kwenye baadhi ya injini sili ya upande wa magneti inatoka kwa nje bila kupasua, na hiyo ni bahati: pula, kulabu, sili mpya, nusu saa. Nyingine zina ukingo unaoshikwa ndani ya kesi na hazitoki mpaka injini igawanywe. Tazama kabla hujaanza. Usiing'oe magneti kwa nyundo na patasi; krenki ya tustroki imeunganishwa kwa kushindiliwa vipande, na pigo la pembeni linaipinda kwa kiasi usichokiona kwa macho lakini beringi inakiona. Kinachoruhusiwa ni karibu milimita 0.03 tu.

Ukishaipasua, badilisha sili zote mbili na beringi zote mbili hata kama moja bado inazunguka kimya. Namba zimechorwa ubavuni, na duka lolote la beringi linazo. Soma herufi za mwisho pia. C3 maana yake beringi ina nafasi ya kupanuka ikipata moto. Ukiweka ya kawaida mahali pa C3, itabana injini ikichemka. Pasha kesi moto hadi tone la maji lichemke juu yake, beringi ikae kwenye friza usiku, itaingia kwa kidole. Sili zinauzwa kwa vipimo vitatu: ndani, nje, unene. Upande wenye springi unatazama krenki.

Konrodi mpya ndiyo sehemu pekee ambayo fundi wa mtaani asiiguse bila presi na saa ya kupimia. Na kesi mbili za injini zilichongwa pamoja kiwandani, kwa hiyo usioanishe nusu ya hii na nusu ya ile. Ukilazimika kubadili kesi zote, kumbuka namba ya injini iko juu yake, na kadi yako ina namba nyingine.

Pampu ya oili au kuchanganya mwenyewe?

Huu ndio ubishi usioisha kwenye vijiwe vya mafundi, na wengi wanaing'oa pampu siku ya kwanza kwa kisingizio cha "usalama". Kwa pikipiki inayoendeshwa na mtu mmoja anayejua, kuchanganya ni sawa. Kwa pikipiki ya familia au ya kuazimishana, ni hatari: siku moja atakayeichukua atajaza petroli tupu ya chupa ya barabarani, na mtaagana na pistoni kabla ya kufika kilomita ishirini.

Pia kuna miteremko. Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo umeachia mkono wa mafuta na injini ndiyo breki, krenki inazunguka kwa kasi huku kabureta ikiwa imefungwa. Kwenye mchanganyiko, petroli isipoingia oili nayo haiingii. Pampu inazungushwa na injini, kwa hiyo inaendelea kudondosha. Anayechanganya lazima ajizoeze kuvuta mafuta kidogo kila baada ya kona kadhaa.

Udhaifu wa pampu ni mipira yake. Ikikakamaa inaingiza hewa, na pampu ikishapata povu haisukumi kitu. Badilisha mipira, fungua skrubu ya kutolea hewa hadi oili itoke bila povu, linganisha alama ya kebo, halafu jaza tangi la kwanza mchanganyiko wa 50:1 (petroli sehemu 50, oili 1) juu ya pampu hiyohiyo. Bandika utepe kwenye usawa wa oili. Tangi likiisha na oili imeshuka chini ya utepe, pampu inafanya kazi. Isiposhuka, umeokolewa na ule mchanganyiko.

Vipimo kwa anayechanganya, kwa kila lita 5 za petroli: 25:1 ni mililita 200, 32:1 ni 156, 40:1 ni 125. Dumu la lita 20 kwa 40:1 ni nusu lita kamili, ile chupa ya maji. Silinda iliyochongwa ianze na 25:1 au 32:1. Usidhani kuzidisha oili ni kuilinda zaidi: oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti, na mchanganyiko unakuwa mkavu.

Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, alama ya ubora ya Kijapani. Wa pwani wajihadhari: oili nzuri ya injini za boti huandikwa TC-W3, na imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya bahari. Kwenye silinda ya kupozwa na upepo haihimili joto lile.

Siku ya kuiwasha

Kilomita 300 za kwanza usivute zaidi ya nusu ya mkono, na usibaki kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Baada ya kilomita kumi hivi zima ukiwa kwenye mwendo, bila kuiacha ingurume taratibu, utoe plagi. Kauri ya rangi ya kahawia ya chai ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu, oili au petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, simama hapohapo. Na mwendo ukianza kupanda wenyewe huku umeachia mkono, zima swichi. Isipozimika, kanyaga breki, weka gia ya juu, achia klachi ife. Usiguse skrubu ya kabureta kuushusha. Rudisha tyubu za baiskeli na ile mashine ya presha, uanze kutafuta povu upande wa magneti.